Nimemwanika Mwalimu Wangu kwenye Intaneti

Shangazi Sophia, shikamoo. Naandika nikiwa nimekwama kabisa. Mimi ni Heriel, nafanya kazi Mchafukoge kwa Mzee Ravindra, ambaye miaka minne iliyopita alinichukua sijui hata kuwasha kompyuta akanifundisha kuandika programu, mchana tunakula wote kwake ghorofani, dengu na mboga za mkewe, na ile programu ya stoo inayotumiwa na maduka mengi ya vitenge Kariakoo aliiandika yeye, sasa mwaka huu nilijiunga kwenye intaneti na mradi wa wazi, watu wa nchi mbalimbali tunatengeneza bure programu ya kukagua programu nyingine na kutaja kila mstari wenye kasoro, wakataka kitu halisi cha kujaribia, nikaipakia ya mzee bila kumwuliza, jina lake likiwa juu kabisa, zikapatikana kasoro mia tatu na kumi na mbili. Wenzangu wakacheka na mimi nikacheka nao, mchango wangu ukakubaliwa, nikakatiza Mnazi Mmoja kifua mbele, kumbe binti yake Komal anayesoma ng'ambo aliuona ule ukurasa akampigia baba yake simu. Tangu Jumatatu nikimwambia "Shikamoo mzee" ananijibu "Habari", marahaba haitoki, na kazi ananiachia mezani kwa karatasi. Hajanifukuza, ila nahisi afadhali angenifukuza. Dada yangu Vicky anasema nimpelekee samaki wazuri wa Feri yaishe, Jaimin tunayefanya naye kazi anasema ninyamaze atasahau, na mimi nabaki kujiuliza, kasoro zenyewe si ni za kweli, sasa kosa langu ni lipi?

Heriel

Marahaba, Heriel. Pole, hilo la salamu linauma. Ila ulivyocheka nao umenichefua, nakwambia wazi.

Tuanze na samaki. Miaka minne unakula kwa mkewe, umewahi kukutana na mwiba? Nyumba ile haipiki hata yai, halafu wewe upande ngazi na kifurushi cha samaki! Mwambie Vicky ushauri wake tumeusikia, inatosha. Na huyo Jaimin asikudanganye, mzee hatasahau.

Leo hii iondoe ile programu. Waandikie wenzako palepale mlipocheka, kwa jina lako, kwamba uliichukua bila ruhusa ya mwenyewe. Mchango wako wakiutupa, wautupe. Waliokwisha kuchukua nakala huwezi kuwafuata, kwa hiyo usije ukamdanganya mzee kwamba umefuta zote.

Kisha nenda kwake kwa miguu yako, mambo ya barua pepe sitaki kuyasikia. Mwambie ulichofanya, mwombe radhi, nyamaza. Ile orodha ya kasoro iache nyumbani, akiitaka ataiomba.

Unauliza kosa lako ni lipi. Haya, programu yako ya kwanza kabisa ilikuwa na kasoro ngapi? Bila shaka mzee alizirekebisha zote pamoja nawe, na mpaka leo hakuna mtu mwingine anayejua.

Shangazi Sophia