Lori Lililorudi Tupu

Mama yangu,

Jana kazini nilifika kwenye hesabu ya malori yanayorudi matupu, nikashindwa kuendelea. Niliwaambia wenzangu macho yananiuma, nikashuka barabarani, nikasimama kati ya wauza soksi wa mtaa wa Marshalltown na kulia bila haya.

Unakumbuka 2016, nilipopata kazi hii? Uliniuliza tunatengeneza nini pale ofisini. Nikakueleza kwamba tunakadiria mizigo: watu wanaishi wapi, viwanda vinatoa nini, nauli ikipanda nani ataacha kuagiza, na mwisho kompyuta inatuambia njia ipi itahitaji malori mengi zaidi. Ulinisikiliza huku ukifunga gunia, kisha ukacheka.

"Eish, mwanangu! Na ile kompyuta inajua kama muntu anakumbukaka kwabo?"

Nikasema haijui. Ukasema, basi tuipe pole.

Maana hamu ya nyumbani ndiyo iliyolijaza lori lako, lile aliloliendesha Mzee Mumba. Familia za kwetu zinazoishi huku ugenini, mtaani Joubert Park, zilikuletea magodoro, masufuria, sare za shule, vyote vya kwenda Lubumbashi. Kila familia ulikuwa umeichagulia kitenge chake, na kila gunia ulilifunga kwa kipande cha kitenge hicho. Kule hakuna aliyehangaika kusoma jina. Waliona kitambaa, wakajua mtoto wao amewakumbuka. Chetu kilikuwa cha njano, chenye ndege wa buluu.

Na hukukubali kamwe lori lirudi hivi hivi. "Gari yenye kurudia mutupu iko sawa muntu mwenye kutoka ku kilio bila kuaga," ulimwambia Mzee Mumba, naye akapakia samaki wakavu, viwavi wa kula na unga wa muhogo. Akifika mtaani alipiga honi, na wanawake wakashuka kutoka ghorofani na mabeseni. Ulimgawia kila mmoja huku ukimtania.

Kisha ukaugua, na baridi ya Julai ikakuchukua. Ulikuwa umeomba ulale karibu na Baba, tukakupeleka Lubumbashi. Gari la mazishi lilitangulia, nasi tukafuata kwenye lori lako, tumebeba vyakula na viti vya matanga. Magunia yote niliyafunga kwa kitenge cha njano. Sikuwa na nguvu ya kutafuta kingine.

Tulikuzika, Mama. Watu walijaa, waliimba vizuri, ungefurahi. Asubuhi ya kuondoka tulipanda lori, mimi na Mzee Mumba, tukashika njia. Tulipovuka mpaka ndipo tulipogundua kwamba hatukupakia chochote. Hakuna aliyekumbuka, kwa sababu wa kukumbuka ulikuwa wewe.

Mzee Mumba alipofika mtaani akapiga honi. Mkono wake ulifuata mazoea. Na wao wakashuka, Mama. Wakashuka na mabeseni, wanawake wale wale waliokulilia wiki iliyotangulia, kwa sababu miguu nayo ina mazoea yake. Mzee Mumba akafungua nyuma. Wakachungulia. Mama Ngalula wa ghorofa ya nne akalifudikiza beseni lake chini, akaketi juu yake, akajifunika uso kwa khanga. Ndipo nilipojua kwamba umekufa. Kaburini sikuwa nimejua.

Tangu siku hiyo lori limesimama. Watu wananigongea mlango na magunia, nami nawaambia bado. Mzee Mumba hanisukumi, ananiuliza tu kama nimekula.

Jana, niliporudi kutoka kazini, nilitoa mkasi wako wa kukatia vitenge. Nimemfungia Mama Ngalula gunia lake. Lori linaondoka Jumamosi, na shangazi wa Lubumbashi ameahidi samaki.

Likirudi, honi italia na nitashuka. Sisi wa nyumbani kwako hatujawahi kupanga foleni, kwa kuwa mgawaji alikuwa wewe. Sasa nitagawa mimi, na sijui nitawatania vipi watu wanaoangalia mikono yangu wakitafuta yako.

Pumzika karibu na Baba. Hatukukuaga vizuri, Mama, nisamehe. Ndiyo maana nimeandika.

Ni mimi, bintiyo, wa kitenge cha njano.