Kibodi ya mkono mmoja na batani niliyoiacha

Jumamosi, Nguvumali. Manyunyu tangu asubuhi na joto halijapungua. Sina furaha wala hasira. Nipo tu.

Leo nimemaliza kibodi yangu. Ndogo, inakaa kiganjani kama mkate wa mofa, na batani zake zote mkono wa kushoto unazifikia. Wa kulia umelegea tangu nilipoanguka bafuni mwaka jana. Shule sikwenda, lakini redio za kuanzia hapa mpaka Moa nimezifufua mimi. Moja ilishawekwa uvunguni, kuku wanatagia juu yake. Nikaigusa kwa kijiko cha moto, ikashika stesheni ya Uhindi, mbuzi wakacheza.

Hao mbuzi mke wangu, Mama Saidi, huwa anawakata kwenye maandishi. Tangu niumwe yeye ndiye anayeniandikia humu bloguni. Mimi nasimulia mpaka koo linakauka, yeye anaandika: "Alitengeneza redio. Ikalia."

Ndiyo maana nikataka kibodi yangu mwenyewe.

Nimelehemu kila waya. Ile programu ya ndani, inayoiambia kibodi batani hii ni herufi gani, nimeipanga upya. A nikaipa kidole chenye nguvu, Q nikaifukuza. Nikachomeka waya kwenye kompyuta, nikabonyeza kitufe cha kuriseti kilichomo ndani, maana bila hicho haipokei mpangilio mpya, nikaiflashi programu ile ikaingia. Nikajaribu herufi moja moja, zote zikaitika. Basi nikafunga boksi la mninga alilonichongea jirani yangu Mhina, seremala, nikaliziba kwa gundi na nta pande zote. Chombo cha pwani usipokiziba, chumvi inakila. Mhina aliuliza, "Mzee, tusiache hata tundu la sindano?" Nikamwambia abaki na mbao zake.

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: Tangu mkono ulegee sijasaidiwa na mtu.

Mama Saidi kaisoma begani kwangu. "Hongera, Baba Saidi. Leo na mimi umenikata pamoja na mbuzi." Akarudi jikoni kugeuza samaki.

Nikatafuta batani ya kufuta.

Haipo. Wakati wa kupanga niliona haina kazi, mimi huwa sikosei. Na cha kuriseti kimezikwa ndani ya gundi. Kibodi ya zamani nilishaichuna waya zake.

"Mama Saidi, hii haifuti."

"Si ulisema hukosei? Endelea tu, baba."

Kwa kipanya ningeweza kuichagua ile sentensi na kuandika juu yake. Ila ameshaisoma.

Nimekaa naitazama. Halafu nikaandika chini yake, kidole kimoja kimoja: Yote mliyosoma humu tangu niumwe kaandika Mama Saidi, mimi nilikuwa naongea tu.

Nikamwita. Kaja na mwiko mkononi, kasoma. Kavuta kiti akakaa, samaki wanaungua.

Kesho nimwite Mhina aje na patasi alifungue boksi, au niiache hivi hivi?