Yule Anayemfuata Shemeji

Chumba Na. 4, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha barafu.
Jumatatu, 6 Machi.

Mpendwa dada,

Hujambo huko ugenini? Baridi imekuachia hata mbavu? Sisi wazima. Goti la mama limetulia, na wanao wanakula kama wamo mashindanoni.

Kazi yangu mpya utaicheka. Narusha droni juu ya ghuba, nachungulia uchumba wa papa. Dume humfuata jike, pua karibu na mkia; jike akipinda, naye anapinda, mpaka amng'ate pezi. Mtaalamu wetu anataka picha za karibu, basi nikiwapata wawili navuta picha karibu, wao tu wajae kwenye kioo, na kuisahau bahari nyingine yote. Hapo ndipo nilipokosea.

Mumeo, kama ujuavyo, ndiye mzamiaji wetu. Ijumaa nilisahau kuvuta picha, ikabaki pana. Jana nikaitazama. Shemeji anaogelea, na nyuma yake papa mkubwa, hatua mbili kutoka miguuni. Akipinda, naye anapinda. Dakika tisa, dada, na mumeo hakugeuka nyuma hata mara moja. Nikarudia picha za siku zilizopita: sekunde chache kabla sijavuta, kila siku papa huyo yumo nyuma yake. Na kila siku yuko karibu zaidi.

Nilimwonyesha shemeji. Akacheka: "Shemeji, wivu huo! Acha na mimi nipendwe." Mtaalamu naye anasema papa wakiwa kwenye uchumba hawana habari na watu. Huenda. Mimi naogopa, na sioni haya kusema.

Anazama tena tarehe ishirini. Aliniapisha nisikupigie simu; barua hakuitaja. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini wewe huwa anakusikia. Mwambie akatae.

Msalimie shangazi, na yule mshonaji jirani yako mwenye maneno mengi. Mungu akufunike huko, na huku atuachie wote tulio nao.

Mdogo wako akupendaye,
Kijiti

Baadaye: Bahasha nilishaifunga, nimeifungua. Maji yametulia, kwa hiyo wamebadilisha siku: anazama kesho asubuhi. Nimevunja kiapo, nimekupigia mara tano, hupatikani. Nimemsihi mwenyewe, ameshapakia mitungi yake ya hewa. Barua naituma hivyo hivyo. Ikikufikia, utakuwa umeshajua.