Neno la Kwanza Lililokatwa

Garissa,
Januari 1998

Kwa ndugu yangu mpendwa Salah,

Assalamu alaikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na watoto, na kwamba maji ya mafuriko yamepungua huko Hulugho. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah, ingawa moyo hautulii. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika shuleni, na pia sitaki mtu mwingine hapo bomani aisome kabla yako.

Mifugo ina hali gani? Tunasikia kondoo wanatupa mimba kila upande, na watu wanaowachinja wanashikwa na homa na kutokwa na damu. Kijiji kikitajwa hapa ofisini, mimi huogopa kwamba kinachofuata ni Hulugho. Ukiwa na mnyama mgonjwa, walaal, ndugu yangu, usimchinje wala usimguse kwa mikono mitupu.

Kazi yetu hapa inahusu homa hiyohiyo. Shirika letu lilileta kompyuta ya kutengenezea filamu za katuni, pamoja na mwalimu kutoka Nairobi, Bwana Muthee, ili tutengeneze filamu fupi ya kuwaonya wafugaji. Kila tukio tunalipanga peke yake, picha juu ya picha: mbuga chini, kondoo juu yake, kisha mtu. Mpango huo unaitwa kompozisheni. Halafu zile ndogo zote zinaingizwa ndani ya moja kubwa, na sauti inalazwa chini yake kwenye mstari wa muda. Ukisogeza kitu kidogo ndani ya ile ndogo, kubwa nzima inabadilika, na huwezi kujua mpaka uitazame yote upya.

Sauti inayoonya ni ya aabo. Alipokuja kuuza ng'ombe kabla mafuriko hayajafunga barabara, nilimpeleka ofisini akasema maneno yale kwa Kisomali, kwa kuwa watu wa huko wote wanamjua baba yetu na wanamsadiki.

Wiki iliyopita filamu ilionekana ndefu, na Muthee akaipunguza nikiwa nimetoka kuswali. Kisomali hakijui. Mwanzoni mwa maneno alisikia pumzi na kisauti kidogo, akadhani mzee anasafisha koo, akakikata. Kisauti hicho kilikuwa "ha", neno letu la kukataza. Bila hilo, aabo alisikika kama anawaambia watu wachinje mnyama mgonjwa, na papo hapo kwenye picha kisu kinashuka. Niliposikia, Dekow, dereva wetu anayezungusha filamu vijijini, alikuwa ameshaondoka na kanda yake.

Niliwaona watu wa kwetu wamekaa mbele ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu, wanasikia sauti wanayoiamini, kisha wanaenda kunoa visu. Tulimwita Dekow kwa redio ya gari. Tukamwita tena na tena. Mwishowe akajibu kwamba amekwama kwenye tope na hajaonyesha kanda popote. Nililia mbele ya watu bila kujificha.

Muthee aliniomba radhi sana. Akasema, "Mwite mzee arudie hilo neno moja tu, tumalize." Nikamjibu kwamba hawezi kuja.

Bahati nzuri, programu ile haifuti unachokata, inakificha tu. Nilishika ukingo wa sauti nikauvuta nyuma. "Ha" ikarudi, na kabla yake pumzi ya aabo. Lakini sasa ikaangukia juu ya tukio lililotangulia, kwa hiyo ikabidi nirefushe mwanzo wa tukio la kisu, nikikichelewesha mpaka neno limalizike. Umeme ulikuwa unayumba, na kila taa ilipofifia niliogopa nitampoteza tena.

Nimelizunguka jambo hili vya kutosha, Salah. Aabo hawezi kuja kwa sababu hayupo tena, na hata Muthee nilikuwa sijamwambia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Baada ya kurekodi alikwenda kumsaidia rafiki yake nje ya mji kuchinja na kuchuna kondoo waliokuwa wakifa. Nilimkataza. Akasema hawezi kumwacha mzee mwenzake na watoto wenye njaa. Homa ikamshika, na hospitalini hakukaa sana. Tulimzika hapa Garissa, maana barabara yote ilikuwa maji. Aliponitambua mara ya mwisho aliniambia, "Mwambie Salah asifanye kama mimi."

Mama hajui. Niliogopa kuipeleka habari kwa redio, kila mtu njiani akaisikia kabla yake. Barua hii anakuletea Dekow, pamoja na kanda mpya. Mweleze mama kwanza, ukae naye mpaka apate nguvu, kwa sababu siku hiyohiyo atamsikia mumewe akizungumza mbele ya kijiji kizima. Nimemwomba Dekow asiwashe jenereta mpaka wewe mwenyewe umwambie. Na mama akisema hawezi kusikiliza, mpeleke mbali na uwanja, lakini nakuomba kanda ichezwe mpaka mwisho.

Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake, na umbusu mama mkono kwa niaba yangu. Mungu awakinge na homa hii, na atukutanishe barabara ikikauka.

Ni mimi dada yako,
Idman