Jaketi la Petro

Jumanne, 14 Juni 1977

Wamecheka. Mazikoni kwa Petro, mtani wangu, watu wazima wamecheka mpaka wachimba kaburi wakaweka majembe chini.

Jumamosi alikuwa anajiandaa kuvuka ghuba ya Nungwe na kile kiboti chake cha mashine, amevaa jaketi la kuelea, kama kawaida yake. Mtu mwangalifu! Hata oili chafu alikuwa akiikinga kwenye debe na kuifukia mbali na ziwa, eti watu wanakunywa yale maji. Kwa hilo pia nilimcheka.

Nikampigia kelele mbele ya akina mama waliokuwa wanateka maji: "We Petro! Hiyo mimba ina miezi mingapi?"

Wakaangua kicheko. Petro akalivua jaketi, akanitupia. "Haya, zaa wewe, kizee!"

Jioni boti ilikutwa inajizungukia yenyewe, mashine inanguruma, ndani hamna mtu. Yeye tumempata jana.

Leo nikalivaa kwenda kuzika. Sikutania. Nilitaka mtu aniulize nimelitoa wapi, nimjibu. Lakini mtani msibani anangojewa achekeshe, basi wakaona nimeanza.

Mjane wake, Mama Veronika, akanishika mkono huku anajifuta machozi. "Ahsante, babu. Angekuona, angecheka sana."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Ndiyo, mama! Mdomo wangu wote huu, na leo nimepata maneno mawili tu.

Bado nimelivaa. Kamba nimezifunga zote, kama alivyokuwa akizifunga yeye.