Kushuka Nako ni Mazoezi

Alhamisi

Kumbe kushuka nako kunafanyiwa mazoezi! Miezi yote hii nimekuwa nikipanda kilima cha Gisozi mbio, nikifika juu naita pikipiki inirudishe chini. Nikajiona mjanja, eti napumzisha magoti. Ndiyo akili zetu sisi tuliokulia Dar.

Leo jioni nimeenda na Claudine wa ofisini tukaijaribu njia ya vumbi kabla ya mbio za Jumapili, za kwanza kwangu milimani. Kupanda nilimwacha mbali. Kushuka akanipita kama mbuzi, mimi natambaa kwa makalio, nimeng'ang'ania majani, vidole vya miguu vinagonga kiatu, mapaja yanatetemeka. Nilimkuta chini jasho limeshamkauka.

"Neema, wewe mazoezi ya kushuka unafanyiaga wapi?"

Nikasingizia viatu. Ningemwambia nini, kwamba nafanyia nyuma ya pikipiki?

Nimejikasirikia kweli. Na ofisi nzima nimeshaitangazia kwamba nakimbia, sasa nitaanzaje kusema…

Nimefungua tena ramani ya mbio. Tunaanzia mlimani, tunamalizia bondeni. Njia yote inapita msituni, na huko pikipiki haziingii.