Jicho Lililoruka Ulipotafuna

Baba,

Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Nimeanza kwa dua ili usiseme nimesahau adabu, maana yanayofuata hayana adabu nyingi. Nimekukasirikia. Nina hasira tangu matanga yako, na nimechoka kuwafokea watu wa nyumbani wasio na kosa, kwa hivyo nimeona nikuandikie mwenyewe.

Kwanza habari za huku. Nimejifungua mtoto wa kike, tumemwita Raya, jina la Mama. Salim alitaka jina la mama yake, nikakataa, na nilikataa kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Chumba ulichokuwa ukilala kimejaa magunia ya ndimu kavu. Redio yako kaichukua Shangazi Zuwena. Kila jioni anaitafuta stesheni ya Unguja, na ikianza kukoroma anaipiga kofi, kisha anaituliza kwa maneno mazuri kana kwamba anabembeleza mtoto.

Sasa nikueleze la matanga. Ndugu yako, Ami Nasor, alikuja kutoka Bahla, mji wenu wa bara, juu ya gari la mizigo, kavaa vumbi tupu. Sikuwahi kumwona. Tangu tulipotoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne ukisema utanipeleka nikamwamkie, na safari haikutokea, mara njia mbaya, mara ruhusa. Shangazi akanambia nimpelekee chakula kwa kuwa ni ami yangu, hapana haya. Nikamwekea mkate, samli na asali. Akakata kipande, akatia kinywani, na jicho lake la kushoto likaruka.

Kope lilipanda, likashuka, likapanda tena. Wala hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akiutazama mkeka. Nilisimama na birika la maji mkononi. Nikamuuliza, Ami, jicho lina nini? Akacheka, mdomo umejaa. "La babu yako hili, mwanangu. Mshipa wa taya na mshipa wa kope tumezaliwa nayo imeshikana. Tukitafuna, linaruka. Baba yako alikuwa nalo, hukuliona?"

Hukuliona! Baba, nimeliona maisha yangu yote. Ila mimi nilidhani unanikonyeza.

Wakumbuka Shangazi alivyokuwa mkali kwenye sinia. "Usimtazame mtu mzima akila, utamkwamisha tonge." Basi nikila huku macho chini, na mara mojamoja nikiiba kukutazama, na kila nikiiba, jicho lako lile liko pale, linanichezea. Mama alikuwa keshakufa. Nyumba ilikuwa kimya, wewe si mtu wa maneno, hukunipakata, hukuniambia neno la kunipenda hata siku moja. Nikajiambia Baba hasemi, lakini ana alama yake kwangu, na hiyo alama hampi mtu mwingine. Wasichana wenzangu skuli walisimulia baba zao waliowanunulia hiki na kile, nami nikinyamaza na konyezo langu, nikiona nimewashinda wote.

Kumbe ulikuwa ukiukonyeza mkate. Ukiukonyeza muhogo na papa wa kuchoma.

Hilo peke yake ningecheka, wallahi. Mtoto hujidanganya, na uso wa mtu una yale anayoyasema mwenyewe na yale ambayo damu inayasema bila ya kumtaka ruhusa. Mtoto atajuaje lipi ni lipi? Lakini mimi sikuliacha utotoni. Mimi nimeolewa kwa jicho hilo.

Tulikuwa Matrah bandarini, kwenye kile chumba alichotupa Salim tuliposhuka hatuna mbele wala nyuma. Nilikuwa na barua ya Asya, binti wa khalati upande wa Mama, kutoka Kuwait, kwamba nije, nikae naye, kuna skuli, nitamaliza masomo na nitasomesha. Uliisoma. Hukusema ndiyo, hukusema la. Kisha mchana ule tunakula wali na samaki, ukuta mwembamba, dada zake Salim wako upande wa pili wanatega masikio, ukanambia, "Salim anakutaka. Mimi nnaona kheri. Wewe wasemaje?" Ukatia tonge kinywani.

Hapana yangu ilikuwa tayari mdomoni, Baba. Nikanyanyua macho ili niitoe, na jicho likaruka.

Nikafahamu, au nilidhani nimefahamu. Unanambia tulia, haya maneno ni ya kuwasikilizisha wenye nyumba, mimi nawe tunajuana, nitajua la kumwambia. Nikaimeza hapana yangu. Nikanyamaza. Na kwetu mwari akinyamaza, karidhi. Shangazi akapiga kigelegele, na wale wa upande wa pili wakaitikia papo hapo. Mpaka siku ya hina nilikuwa nikingoja unifuate uniambie mchezo umekwisha, twende zetu Kuwait.

Salim si mtu mbaya. Hilo nalo linanikera, kwa sababu angekuwa mbaya ningekuwa na mtu wa kumchukia. Ananitunza, anacheka na mtoto. Lakini sikumtaka, na sikuulizwa nikajibu, na Asya sasa ana darasa lake.

Ami aliporudi kwake nikamkabili Shangazi. Nilitaka anambie kuwa hukujua. Nilimwomba Mungu anambie hukujua. Akakunja buibui lake, akakunjua, akakunja tena. Akasema nilipokuwa mdogo nilimnong'oneza kwamba Baba hunikonyeza, naye akaja kukuhadithia, ukacheka mpaka ukapaliwa. Ukamwambia, "Usimwambie kitu. Mwache aone hivyo hivyo."

Hapo nililia, na kilikuwa kilio kizuri. Nilikupenda sana dakika ile. Ndipo akaendelea, mwanamke yule hajui kukomea pazuri. Akasema habari ya Salim ilipokuja alikutaka umwachie yeye aniulize, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wanawake, tena faraghani. Nawe ukakataa. Ukamwambia, "Nitamuuliza mwenyewe, tukiwa tunakula."

Tukiwa tunakula, Baba.

Nimeigeuza sentensi hiyo kila upande. Labda ilikuwa bahati mbaya tu. Labda ulikuwa na njaa. Labda uliogopa, tuko kwenye nyumba ya watu, na kukataa kwangu kungetutoa nje na Shangazi mgonjwa. Hofu naijua, ningekusamehe hofu. Ungeniambia, mwanangu, sina pa kukuweka, nisaidie. Ningeolewa kwa macho makavu na ningekuheshimu. Lakini ukitumie kitu pekee ulichowahi kunipa, uniwekee mtego nacho, nami nije mbio kwa kufurahi! Sijui kama ulifanya hivyo. Wewe wajua, na umekwenda nalo.

Raya akinyonya, kope lake la kushoto linapanda na kushuka. Majirani wanasema ananicheka. Nawaambia hapana, ni mshipa. Nitamwambia na yeye mapema, kabla hajajua kutamka jina lake, kuwa, mwanangu, jicho lako hilo ni mshipa, halina maana, na nikikupenda nitakwambia kwa mdomo. Na kwamba nampenda, namwambia kila siku. Naona haya kidogo, sikuzoea.

Dua nakusomea kila Alasiri, hilo silikati. Lakini kukusamehe bado, Baba, na sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Lala salama nikiendelea kujaribu. Na ahadi yangu kwako ni hii, uisikie huko uliko: siku watakapokuja kumposa Raya, nitamuuliza mimi, tukiwa wawili, hakuna anayekula. Nitangoja jibu hata likichukua mwaka. Na akinyamaza, nitatoka niwaambie wageni kuwa kakataa.

Mwanao,
Thuwaiba